Mpeni Saquon Maua Yake, Ila Yale Mengine Mmeyapeleka Wapi?

Basi bwana, alfajiri ya Jumatatu, Februari 10, 2025, kuna watu hapa mjini walikuwa macho na simu zao chini ya shuka. Mpira wa Marekani hawaujui hata unaanzaje. Walikuwa wanamsubiri Kendrick Lamar apande jukwaani wakati wa mapumziko ya Super Bowl kule New Orleans. Kendrick kapanda, kafanya yake, mitandao ikachafuka. Ila kabla hajapanda, ubao ulikuwa unasoma Philadelphia Eagles 24, Kansas City Chiefs 0. Mechi ikaisha 40-22, Eagles wakabeba kombe.

Wengi walioingia kwa Kendrick wakabaki kwa Eagles. Na mtu aliyewanasa ni mmoja tu, Saquon Barkley. Yule mwamba ambaye Novemba 2024, kwenye mechi na Jacksonville Jaguars, alimruka mtu kinyumenyume, mgongo ukiwa mbele, akatua kwa miguu na kuendelea na safari kama hakuna kilichotokea. Klipu ile imezunguka dunia nzima. Hadi kwenye jalada la gemu la Madden NFL 26 wakamweka yeye na mruko wake.

Mpaka hapo sawa. Tatizo ni wale chawa wa mitandaoni wanaoposti kila siku kwamba Eagles hawakuwa na mbio mpaka Saquon alipofika, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyeibadilisha timu. Hiyo siyo sifa, ni wizi. Kuna watu wamefanya kazi pale, wamevunjika vidole pale, halafu maua yao yote anapelekewa mtu mmoja ambaye hata mwenyewe hajaomba apewe ya wenzake.

NAMBA HAZINA UNAFIKI

Kwa asiyejua mchezo huu: timu inasonga mbele kwa yadi, na yadi moja ni pungufu kidogo ya mita. Unaweza kuurusha mpira, au kumkabidhi mkimbiaji akatafuta njia. Mbele ya huyo mkimbiaji wanasimama wanaume watano, mapande ya watu, kazi yao kuwasukuma wapinzani njia ipatikane. Hiyo ndiyo laini. Bila laini, mkimbiaji anakabwa kabla hajanyanyua mguu wa pili.

Msimu wa 2024 Saquon alikimbia yadi 2,005, wastani wa yadi 5.8 kila akikabidhiwa mpira. Ni watu 9 tu katika historia ya NFL waliowahi kufika 2,000. Alibakisha yadi 101 tu kuvunja rekodi ya Eric Dickerson ya 1984, na mechi ya mwisho hakuchezeshwa. Noma sana.

Sasa rudi nyuma mwaka mmoja. Msimu wa 2023, akiwa New York Giants, mtu huyohuyo, miguu hiyohiyo, alikimbia yadi 962. Wastani 3.9. Alikaa Giants misimu 6, akapita yadi 1,000 mara 3, na timu ikaonja mtoano mara 1 tu. Kwamba kipaji alikipata barabarani akiwa anahama kutoka New York kwenda Philadelphia? Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, haiwezekani.

Chawa watajibu: "Alikuwa hajapata timu." Sawasawa. Sasa timu ni nini kama siyo wale watu wengine?

SHAHIDI AMBAYE HAWAMTAJI

Kuna jina moja ukilitaja kwenye huu ubishi, watu wanajifanya hawajasikia. D'Andre Swift.

Huyu ndiye aliyekuwa mkimbiaji wa Eagles kabla ya Saquon. Msimu wa 2023, nyuma ya laini ya Philadelphia, alipiga yadi 1,049, wastani 4.6. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika 1,000 tangu aingie NFL. Kwa hiyo ile hadithi kwamba Eagles hawakuwa na mbio ifutwe leo.

Swift akaondoka, akaenda Chicago Bears. Msimu wa 2024 kule Chicago akamaliza na yadi 959, wastani 3.8.

Zisome tena taratibu. Saquon kwa Giants: 962, wastani 3.9. Swift kwa Bears: 959, wastani 3.8. Wakimbiaji wawili, timu mbili tofauti, nje ya laini ile wanakaribia kufanana kama mapacha. Mmoja anaingia Philadelphia anapaa, mwingine anatoka Philadelphia anashuka. Hapo unahitaji ushahidi gani mwingine?

Na ili haki itendeke: nyuma ya laini hiyo Swift alipata 4.6, Saquon akapata 5.8. Tofauti hiyo ni ya Saquon, hakuna wa kumnyang'anya. Usiku ule wa Novemba alipowapiga Rams yadi 255, alikuwa na tachidauni mbili, moja ya yadi 70 na nyingine ya 72. Hakuna mtu wa laini anayekimbia yadi 70 na wewe. Wale wanafungua mlango, na mwenye mbio anamalizia safari. Ila mlango usipofunguliwa, mbio zako unazipeleka wapi?

HAYA, WATAJWE

Kushoto mwisho alisimama Jordan Mailata. Mtoto wa Sydney, Australia, alikuwa anacheza raga. Eagles walipomchukua mwaka 2018, raundi ya 7 ambayo wengi hawaiangalii hata kwenye TV, alikuwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya mpira wa Marekani. Leo ana mwili wa mita 2 na zaidi, na ni kati ya bora katika nafasi yake. Kwa wapenda burudani, ndiye yule aliyejificha ndani ya vazi kwenye The Masked Singer akiimba. Sauti anayo kwelikweli.

Pembeni yake Landon Dickerson. Katikati Cam Jurgens, na huyu mzigo wake ulikuwa mzito kuliko wote, maana nafasi ile aliirithi kwa Jason Kelce, aliyestaafu Machi 2024 baada ya misimu 13. Ndiyo, Kelce yule, kaka yake Travis wa Taylor Swift. Wapo wanaoandika hadi leo kwamba Kelce ndiye aliyemfungulia Saquon njia. Alishastaafu, jamani! Mtu anasifiwa kwa kazi ambayo hakuwepo kazini, na aliyeifanya hatajwi. Umaarufu huo.

Kulia mwisho Lane Johnson, mkongwe tangu 2013. Na katikati yake na Jurgens, Mekhi Becton.

Kwa Becton msimame kidogo. New York Jets walimchukua wa 11 mwaka 2020, kijana mkubwa, matumaini kibao. Majeraha yakamwandama. Msimu wa 2021 alicheza mechi 1. Msimu wa 2022 hakucheza kabisa. Mitandao ikamla mzimamzima: mzito, mvivu, hasara tupu. Mkataba ukaisha, Eagles wakamchukua kwa mwaka mmoja, wakambadilisha nafasi. Msimu huohuo akaanza kama mlinzi wa kulia na akaondoka na pete ya ubingwa. Ukisema mbio zile zilikuwa za Saquon peke yake, unamrudisha Becton kwenye lile shimo mlilomchimbia.

Na nyuma ya wote hao kulikuwa na mzee mmoja anayeitwa Jeff Stoutland, aliyekuwa kocha wa laini ya Eagles kuanzia 2013, ambaye pia alipewa jukumu la kupanga mbio za timu. Ndiye aliyemfundisha Mailata mchezo kuanzia namna ya kusimama. Ndiye aliyempokea Becton wakati wengine wamemkatia tamaa. Makocha wakuu walipita, yeye akabaki. Huyu hana klipu inayotrendi. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele mazoezini mpaka watu watano watembee kama mwili mmoja.

"SASA HURTS JE?"

Swali zuri, na jibu linazidi kuwamaliza chawa. Jalen Hurts ndiye kotabeki, anayeupokea mpira na kuamua aurushe, aukabidhi au aondoke nao mwenyewe. Kwa kuwa anaweza kukimbia, wapinzani hawawezi wote kumfuata Saquon, lazima mmoja abaki anamchunga Hurts. Hiyo sekunde moja ya kusita ndiyo njia yenyewe.

Na mnajua nani alifunga tachidauni nyingi za kukimbia Eagles msimu wa 2024? Siyo Saquon. Saquon alifunga 13. Hurts alifunga 14, nyingi kwa ule mchezo wao wa kusukumana pale mstarini, ambao ni laini tupu kifua kwa kifua.

Halafu ile fainali yenyewe. Chiefs waliamua Saquon asipite, na kweli wakamkaba: mara 25 kakabidhiwa mpira, yadi 57 tu, siku yake ya kuzaliwa ya kutimiza miaka 28. Kama timu ilikuwa ni yeye peke yake, siku hiyo Eagles wangelala. Badala yake Hurts karusha, Hurts kakimbia yadi 72, laini kamlinda, kombe likaja. Mchezaji bora wa mechi akawa Hurts.

WENYE PESA WANAJUA

Achana na posti, angalia hundi. Mwaka 2024 Eagles walimsajili Saquon kwa mkataba wa miaka 3, dola milioni 37.75. Gawa mwenyewe, ni milioni 12 na ushee kwa mwaka. Mwaka huohuo wakampa Mailata miaka 3 kwa milioni 66, yaani 22 kwa mwaka. Dickerson wakampa miaka 4 kwa milioni 84, yaani 21 kwa mwaka.

Tajiri hakurupuki na pesa yake. Alijua anachonunua: kwanza njia, ndipo mtu wa kupita. Giants walifanya kinyume kwa miaka 6, walikuwa na mtu wa kupita bila njia, na matokeo kila mtu kayaona.

Saquon naye baadaye akaongezewa, na anastahili kila senti. Ila ukitaka jibu la wazi kabisa, angalia msimu uliofuata wa 2025. Saquon yuleyule. Becton kaondoka kwenda Chargers. Kellen Moore, aliyekuwa anapanga mashambulizi, kaenda kuwa kocha mkuu wa New Orleans Saints siku chache baada ya fainali. Dickerson, Jurgens na Johnson wakaandamwa na majeraha. Yadi za Saquon zikaporomoka. Wale waliosema ni yeye peke yake wakageuka wakaanza kusema kazeeka. Yaani hata hapo hawakuwaona wale watano!

KWA NINI HILI LINAUMA

Mtu wa laini hana takwimu ya kujivunia. Hahesabiwi yadi, na kwa kawaida haruhusiwi hata kudaka pasi ya mbele. Kuna wakati mmoja tu namba yake inatajwa uwanja mzima usikie: pale refa anapowasha maikrofoni kutangaza kwamba kafanya kosa. Mara 60 kwenye mechi anafanya sawa, kimya. Akikosea mara moja, dunia nzima inajua.

Hayo siyo ya Marekani peke yake. Hapa Bongo kila mtu anamjua aliyeimba, na aliyekesha studio akitengeneza biti anajulikana na wachache. Ndiyo maana maprodyuza wengi waliamua kuweka jina lao pale mwanzo wa wimbo kabla sauti ya msanii haijaingia, maana walijua wasipojitaja hakuna wa kuwataja. Mekhi Becton hana pa kuweka jina. Anasukuma mtu wa kilo 140, anaanguka, na kamera tayari imeshamfuata Saquon.

Na cha kuchekesha, katika ubishi wote huu, aliyewahi kuwa mwungwana ni Saquon mwenyewe. Kila akisifiwa anaitaja laini yake. Chawa ndio wanaokataa kumsikiliza mtu wanayemsifia.

Kwa hiyo mpeni Saquon maua yake, ni halali yake. Ila yagaweni. La kwanza Stoutland. Matano kwa Mailata, Dickerson, Jurgens, Becton na Johnson. Moja la Hurts. Yatakayobaki ndiyo ya Saquon, na bado yatakuwa mengi tu.

Na siku nyingine mkiiona ile klipu ya kuruka kinyumenyume, irudisheni nyuma sekunde tatu. Msimwangalie yeye. Waangalieni wale walioko chini.

Haya wadau, nyie mnampa nani? Uwanja ni wenu hapo chini, ila matusi hapana.