Siha ya Mwili: Shingo na Mgongo wa Mwenye Kufanya Mazoezi



Mwezi huu tumeletewa suala na kijana mmoja ambaye hujizoeza kunyanyua vyuma pamoja na wenziwe wa mtaani. Vyuma vyenyewe si vya dukani. Ni bomba lililotiwa makopo mawili ya zege, moja kila upande. Asema kwamba yapata miezi 9 sasa ukosi wake umekaza, maumivu hushuka baina ya makombe ya mabega mpaka kiunoni, na asubuhi huinuka kitandani kama mzee. Baba yake amemwamrisha aviache vyuma kabisa. Wenziwe humwambia azidishe, kwani maumivu, wasema wao, ndiyo dalili ya mwili kujengeka. Naye kila jioni humeza vidonge vya kutuliza maumivu apate kulala. Auliza: amfuate nani?

Jawabu yetu ni kuwa baba ana haki ya kuhofu, na wenziwe wana haki ya kupenda mazoezi, lakini shauri la kila upande lina kasoro yake. Ama vidonge vya kila siku, hivyo ndivyo vyenye hatari zaidi. Tutayaeleza haya moja moja, kwani suala hili si la kijana huyu peke yake.

Kwanza yafaa kupambanua baina ya maumivu mawili. Mtu akifanya kazi ngumu asiyoizoea, misuli humuuma kuanzia siku ya pili, maumivu yakazidi mpaka siku ya tatu hivi, kisha yakapungua, na juma moja halimaliziki ila yamekwisha. Hayo si maradhi. Ni misuli inayojitengeneza. Lakini maumivu yaliyopita miezi 3 ni jambo jingine, na ndiyo ambayo matabibu huyaita maumivu sugu. Hayo hayajengi kitu. Mwenye kuambiwa ayavumilie na aongeze uzito, ameambiwa asilolijua msemaji.

Pili, yafaa kujua umbo la mahali panapouma. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, nacho hubebwa na pingili 7 za shingo. Toka kisogoni hutoka msuli mpana, ukatanda mabegani na kushuka mpaka katikati ya mgongo. Kwa hiyo mwenye kukaza mabega huumia shingo, na mwenye kuumia shingo huumwa mgongo. Sasa mtazame kijana anyanyuapo mzigo uliomshinda: huyapandisha mabega mpaka masikioni, huyauma meno, huziba pumzi, na aghalabu hulishusha bomba nyuma ya kichwa. Atokapo hapo huenda akainamia simu yake saa nzima, au akainamia cherehani mchana kutwa. Msuli ule ule haupati nafasi ya kulegea, asubuhi wala jioni.

Zaidi ya hayo, maumivu yakikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu huzoea kupeleka habari ya maumivu hata kwa sababu ndogo. Ni kama mlinzi aliyekwisha kuibiwa, ambaye akisikia jani limeanguka hupiga kelele za mwizi. Kwa hiyo maumivu makali si dalili ya lazima kwamba kuna kitu kimekatika ndani. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu 100 wenye maumivu ya kiuno, 90 hivi hawaonekani kuwa na ugonjwa maalumu wa mifupa au wa viungo vingine uletao maumivu hayo. Na watu hawa si wachache: mwaka 2020 walihesabiwa kuwa milioni 619 duniani kote.

Sasa tuje kwenye shauri la baba, kuacha kabisa. Zamani hata matabibu waliamrisha hivyo, mgonjwa alale chali siku nyingi. Siku hizi wameligeuza shauri hilo, kwani misuli isiyotumika hudhoofu, na msuli dhaifu huuma upesi zaidi. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika hilo hilo lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu sugu ya kiuno. Miongoni mwa yaliyosifiwa ni kumwelimisha mgonjwa, mazoezi ya viungo yenye mpango, na kuchuliwa. Miongoni mwa yasiyopendekezwa kutumiwa kwa kawaida ni mikanda ya kufungia kiuno, kuvutwa mgongo kwa vyombo, na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Wala jambo hili si geni katika elimu ya tiba. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake Al-Qanun milango mahsusi juu ya mazoezi ya mwili, uchovu uletwao na mazoezi, na kuchuliwa kabla ya mazoezi na baada yake.

Ama vidonge, kama vile diklofenaki na ibuprofeni, huweza kufaa kwa siku chache kwa idhini ya daktari. Lakini mwenye kuvimeza kila jioni kwa miezi huweza kupata vidonda vya tumbo na kuharibu figo, ilhali sababu ya maumivu ipo pale pale. Kijana wetu na aende kwa daktari amweleze amevitumia muda gani na kwa kiasi gani.

Basi njia ni hii. Kwa majuma mawili ya mwanzo aliweke bomba chini, lakini asilale. Atembee na aendelee na kazi zake. Jioni aweke ukosini taulo lililochovywa maji ya moto yasiyounguza, kwa dakika 15 au 20, kisha achuliwe taratibu kwa mafuta ya nazi. Hayo hulegeza msuli ili uweze kujongea. Hayauponyi yenyewe, na mwenye kutosheka na kuchuliwa atachuliwa mwaka mzima.

Akiisha kulegea, afanye haya asubuhi na jioni, kila moja mara 10: ageuze shingo polepole kulia na kushoto, azungushe mabega kwa nyuma, asimame kwa magoti na viganja, aupinde mgongo juu kama afanyavyo paka, kisha aushushe, na mwisho alale chali, akunje magoti, ainue kiuno na kuhesabu mpaka 5.

Kisha aitie nguvu misuli ya mabega na shingo. Mwaka 2011 wataalamu wa Denmark walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wafanyakazi 198 waliokuwa wakiumwa shingo na mabega mara kwa mara. Baadhi yao walipewa mpira wa kuvuta, wakawa wanaukanyaga na kuuinua kwa mikono kwenda ubavuni, dakika 2 tu kwa siku, siku 5 za juma, kwa majuma 10. Wengine walifanya dakika 12. Makundi yote mawili maumivu yao yalipungua kuliko ya wale wasiofanya. Dakika 2! Ni nani asiyezipata? Hapa kwetu mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, ukiwa mzima usio na nyufa, wafaa kwa kazi hiyo.

Baada ya hapo arudie vyuma, lakini kwa adabu mpya. Aanze na bomba tupu. Asilishushe nyuma ya kichwa. Mzigo uwe karibu na kifua, na miguu ndiyo ifanye kazi ya kuinua. Atoe pumzi anapoinua. Apumzike siku moja kabla ya kurudia zoezi lile lile, na uzito auongeze kidogo baada ya juma zima kupita salama. Mizani yake iwe asubuhi ya kesho: maumivu madogo yakiwa yametulia, kipimo kilikuwa sawa, yakiwa yamezidi, apunguze, asikate tamaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wazazi nao wana fungu lao. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Australia kwa watu wazima 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno karibuni. Waliofunzwa kutembea kwa mpango, wakapanda taratibu kufikia nusu saa mara 5 kwa juma, nusu yao walikaa siku 208 au zaidi kabla ya maumivu kurejea. Kwa wale walioachwa bila mpango ilikuwa siku 112. Basi badala ya kumkataza kijana, mzazi na afuatane naye kwa miguu jioni, na mama mwenye kubeba ndoo za maji asiachwe nyumbani na kiuno chake.

Lakini ziko dalili zisizongoja mazoezi wala mafuta. Akipata mtu ganzi katika mapaja ya ndani na sehemu za siri, au akashindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, au mguu au mkono ukapoteza nguvu, apelekwe hospitali siku ile ile. Hali kadhalika maumivu yaliyofuata ajali au kuanguka, na yale yanayoambatana na homa, au kukonda bila sababu. Na mtu akibanwa kifua anapojitahidi, maumivu yakapanda shingoni au mkononi, huyo yahofiwa ni moyo, si msuli, naye apelekwe mara moja. Kila mwenye nyumba na awasomee watu wake maneno haya ya mwisho, wayajue kabla hayajahitajiwa.