Jivu Halifanani

Wahenga walisema kwamba moto huzaa jivu. Walikusudia kwamba baba shujaa huweza kumzaa mwana goigoi. Methali hii ni njema, lakini baadhi ya watu wameigeuza kuwa hoja, wakadhani kwamba kila jivu ni goigoi na halina madhara. Nimewasikia watu wenye elimu yao wakisema, "Jivu la makaa ya mawe ni jivu tu. Mama zetu husugulia sufuria jivu, na huhifadhia maharagwe yasiliwe na wadudu. Laogopwaje?" Maneno haya ni makosa, na makosa haya yana hatari.

Jivu la jikoni hutoka katika kuni, na kuni ni mti wa juzi. Makaa ya mawe ni mimea iliyozikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka, ikachanganyika na udongo na kunywa maji ya miamba. Ndani yake zimo arseniki, risasi, seleni na kadmi, kila moja kwa uchache. Katika tanuri kaboni huungua ikaenda zake hewani. Tani kumi za makaa zikiacha tani moja ya jivu, basi sehemu kubwa ya elementi zilizotawanyika katika tani kumi hukusanyika katika moja. Tena arseniki na seleni hugeuka mvuke kwa ukali wa joto, na moshi upoapo, mvuke huo hugandama juu ya chembe za jivu. Chembe ndogo ina uso mpana kuliko uzito wake, kwa hiyo hubeba zaidi. Wanakemia wa Marekani walilionyesha jambo hili mwaka 1974. Tazama msiba wake: chembe zilizo ndogo ndizo ziponyokazo mitego ya dohani, ndizo zipenyazo mapafuni, na ndizo zilizosheheni sumu.

Mpinzani atajibu kwamba arseniki ni sehemu kumi tu katika milioni. Naam, na tuchukue kalamu. Kituo kikubwa cha umeme huchoma zaidi ya tani milioni moja za makaa kwa mwaka. Sehemu kumi katika milioni ya tani milioni moja ni tani kumi za arseniki, kila mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Atajaye kiwango asitaje jumla hadanganyi kwa hesabu. Hudanganya kwa kunyamaza.

Huko Kingston, Tennessee, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 22 Desemba 2008, kingo za bwawa la majivu zilibomoka. Lita zaidi ya bilioni nne za tope la jivu zilimwagika mtoni na juu ya makazi ya watu. Mamia ya vibarua waliajiriwa kulizoa. Wengi wao waliugua, wakashtaki kwamba walinyimwa hata barakoa, na mwaka 2018 baraza la mahakama liliamua kwamba mkandarasi aliyesimamia kazi hiyo hakutimiza wajibu wa kuwalinda. Hao nao waliambiwa kwamba jivu ni jivu tu.

Sikatai kwamba nchi yahitaji umeme, wala sikatai kwamba jivu hili likichanganywa katika saruji hushikwa humo likafaa. Nakataa kuitwa maendeleo kitu ambacho faida yake huhesabiwa mjini, na jivu lake likaachiwa mvuvi.

Nasi Kenya jambo hili halikuwa mbali. Kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilikusudiwa kujengwa Lamu, karibu na mji wa kale ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira lilibatilisha kibali chake, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wazee wa Lamu walidai kuulizwa, na sheria ikawaunga mkono.

Lakini haki ya kuulizwa haimfai asiyejua la kujibu. Wanafunzi, kesho mtaketi katika mabaraza kama hayo. Mtu akisimama mbele yenu akasema, "Ni jivu tu," msimzomee. Muulizeni: Lina nini ndani yake? Ni tani ngapi? Litalazwa wapi, na mvua ikinyesha litakwenda kwa nani? Asiyeweza kujibu maswali haya manne hastahili kupewa kiberiti.