Rimu Zing'ae, na Mapafu ya Mfanyakazi Je?



Gari la kazini likirudi kutoka gereji, rimu zake za aluminiamu zimekarabatiwa na kung'aa kama sahani mpya, amri inayofuata ni moja tu: zisichafuke tena. Amri hiyo haimwendei mkurugenzi wala karani. Inamwendea mwoshaji wa magari, kijana wa gereji, tandiboi, au mfanyakazi wa kiwanda cha kahawa anayeitwa kutoka kwenye magunia ili ashike ndoo na kitambaa. Sisemi amri hiyo ni mbaya. Nasema ni nusu ya amri. Nusu ya pili ni kwamba anayetaka rimu zilindwe ampe mlinzi wake maji, sabuni, vifaa na muda wa kutosha, wala asimtoze gharama hiyo kwa mapafu yake au kwa mshahara wake.

Wapo watakaouliza: jarida la wafanyakazi linahusika nini na rimu za magari? Linahusika, kwa sababu kila chombo kinachong'aa kina mkono uliokisugua.

Tuanze na kazi yenyewe. Magari mengi ya Gitega na Muyinga yalikwisha kutumika katika nchi nyingine kabla ya kufika kwetu, na mengi hushushwa Dar es Salaam, kisha huingia kwa mpaka wa Kabanga na Kobero. Rimu mpya huagizwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo ni adimu nchini. Ndiyo maana rimu iliyochubuka haitupwi. Fundi huikwangua rangi ya zamani, huisugua kwa msasa au huipiga mchanga kwa kompresa, kisha huipaka rangi na vanishi. Penye tanuri hupakwa rangi ya unga na kuokwa kwa joto la nyuzi 200 hivi. Hiyo ni kazi ya ufundi na inastahili kutunzwa.

Adui wa kazi hiyo ni vumbi la breki. Barabara ya Gitega hadi Muyinga kupitia Karuzi ni ya vilima. Kila mteremko dereva hukanyaga breki, pedi hubana diski, na vyote viwili husagika kidogo kidogo. Unga mweusi unaoruka umejaa chembe za chuma zenye moto. Hizo hunasa juu ya vanishi. Mvua inyeshe au umande utue, chembe hizo hushika kutu na kuacha madoadoa ya rangi ya chungwa. Vanishi ikishapasuka, maji hupenya chini yake, aluminiamu hutoa unga mweupe, na rangi huanza kubabuka. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara huongezeka juu yake. Masika huleta tope. Rimu iliyokarabatiwa ikiachwa miezi bila kuoshwa hurudi kwa fundi mapema, na fedha zimepotea.

Dawa yake si ngumu. Rimu ioshwe mara kwa mara, ikiwa imepoa, kwa maji mengi na sabuni laini, kwa kitambaa au brashi ya nywele laini. Upande wa ndani uoshwe pia, maana huko ndiko vumbi hujificha. Ikaushwe, kisha ipakwe nta ya gari ili uchafu usishike haraka. Rangi ya kawaida iliyopakwa karibuni iachwe majuma kadhaa ikauke vizuri kabla ya nta. Yasiyofaa ni waya wa kusugulia sufuria, petroli, na tindikali. Tindikali hung'arisha siku ya kwanza na kuila vanishi siku zinazofuata. Baadhi ya dawa za kusafishia rimu zina asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kuumiza hadi mfupa, na maumivu yanaweza kuchelewa kuanza. Dawa isiyo na maandishi ya kueleza kilichomo isiguswe.

Tena mwoshaji makini ni msaidizi wa dereva. Magurudumu ya mbele kwa kawaida huwa meusi kuliko ya nyuma, kwa kuwa breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Lakini gurudumu moja la mbele likiwa jeusi kuliko mwenzake, huenda breki yake inang'ang'ania. Taarifa hiyo ikifika kwa fundi mapema inaweza kuokoa gari na abiria wake kwenye mteremko. Mtu anayejua kusoma ishara kama hiyo si kibarua wa ndoo tu.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Vumbi linaloharibu rimu ndilo tunalolivuta puani. Katika gereji nyingi fundi akifungua gurudumu huchukua upepo wa kompresa na kupuliza. Wingu linapanda, kila mtu anakohoa, kazi inaendelea. Kwa miaka mingi pedi na bitana za breki zilitengenezwa kwa asbestosi, kwa sababu inastahimili moto. Nyuzi zake hazionekani kwa macho. Zikiingia mapafuni hukaa humo, na baada ya miaka 20, 30 au zaidi huweza kuleta kansa ya mapafu, kansa ya utando wa mapafu, na mapafu kukakamaa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikwisha kuipiga marufuku mwaka 2005. Pedi ya zamani, au ya bei rahisi isiyo na alama, huwezi kujua kwa kuitazama kama ina asbestosi au haina. Mwenye busara huifanya kama inayo. Hata isiyo na asbestosi, unga wa vyuma si hewa ya kuvuta.

Kwa hiyo vumbi la breki lisipulizwe, wala lisifagiliwe likiwa kavu. Lilowanishwe kwa maji ya sabuni, lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kitiwe kwenye mfuko na kufungwa. Nguo za kazi zibaki kazini na zioshwe huko, kwa sababu nyuzi hizo hufuata nguo hadi nyumbani, zikamfikia mke anayefua na mtoto anayepakatwa. Na maji machafu yasielekezwe kwenye vijito vinavyoshuka Ruvubu, ambako wenzetu wa mashambani huchota.

Haya si maombi ya hisani. Mwaka 1986 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 162 kuhusu usalama katika matumizi ya asbestosi. Mwaka 2022 mkutano wake mkuu uliweka mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za kazi. Haki za msingi zinazibana nchi zote wanachama kwa uanachama wao tu, na Burundi ni mwanachama tangu mwaka 1963.

Basi kila tawi lidai mambo manne. Kwanza, kompresa isitumike kupulizia breki. Pili, wanaofungua breki na wanaoosha magari wapewe sabuni, glavu na barakoa inayozuia vumbi laini, si kitambaa cha kufunga puani. Tatu, pedi zinazonunuliwa ziwe na maandishi kwamba hazina asbestosi. Nne, mfanyakazi aliyeamriwa kutumia tindikali asikatwe mshahara rangi ikibabuka. Aliyetoa amri ndiye ajibu.

Mwajiri atasema hakuna fedha. Tumwulize zilitoka wapi za kukarabati rimu nne. Rimu ikiharibika mara ya pili, fundi ataikwangua na kuipaka upya. Pafu likikakamaa, hakuna fundi wa kulikarabati, si Gitega, si Muyinga, wala Ulaya. Atakayeanza kuugua mwaka 2050 ni kijana anayeshika kompresa leo. Wajumbe wa matawi walipeleke neno hili kwa uongozi kabla ya gurudumu lijalo kufunguliwa.