Neno la Asubuhi: Barua Iliyongoja Jibu

Juma hili masomo yangu ya kila asubuhi yalinifikisha kwenye mlango wa 4 wa Waraka wa Pili kwa Timotheo. Nimekwisha kuusoma mara nyingi, na kila mara nilisimama penye habari za vita na taji, nikayapita mbio yaliyo mwishoni. Safari hii yale ya mwishoni yalinikamata. Paulo yu kifungoni. Wenzake wametawanyika, aliyebaki naye ni Luka tu. Anaomba aletewe joho aliloliacha Troa, pamoja na vitabu vyake. Kisha anamsihi Timotheo asikawie, afike kabla ya majira ya baridi. Askari aliyekesha lindoni usiku wa umande hahitaji kuelezwa thamani ya joho.

Ombi hilo lilipata kumgusa mtu mwingine kwa nguvu. Mwezi wa Juni 1939, Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani mwenye umri wa miaka 33, alikuwa New York, mahali pa salama, ambako rafiki zake walikuwa wamemwandalia kazi. Kwao Hitler alikuwa akitawala, na vita vilikuwa vimekaribia. Kazi ile alikuwa amekwisha kuikataa, lakini moyo wake haukutulia. Tarehe 26 alisoma maneno hayo ya Paulo, akaandika katika shajara yake kwamba yalimfuata mchana kutwa. Akajifananisha na askari aliye likizoni, ambaye moyo unamvuta kurudi mstari wa mbele. Mwezi uliofuata alipanda meli akarejea. Alikamatwa mwaka 1943, akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, vita vya Ulaya vikiwa vimebakiza majuma machache kwisha.

Hapa tusikosee, ndugu zangu. Biblia si bao la kupigia ramli, hata mtu afumbe macho, afungue popote, aweke kidole na kusema ameamriwa. Bonhoeffer alikuwa na desturi ya kusoma na kutafakari kila siku, na neno lilimkuta akiwa tayari anajiuliza wajibu wake uko wapi. Halikumwambia jambo geni, lilimwondolea udhuru.

Mimi nami nina udhuru wangu. Sandukuni mwangu imelala barua ya kaka yangu mkubwa, huu ni mwezi wa pili. Ananiomba nifike nyumbani kabla ya masika, tukae mbele ya mama tumalize neno la shamba lililotutenga tangu baba alipofariki. Nilikuwa nimemjibu moyoni kwamba kazi ni nyingi. Kweli ni nyingi. Lakini kilichonizuia ni kiburi. Asubuhi ile nilijaribu kuendelea na somo la kesho yake, nikashindwa. Nikafunga Biblia, nikafungua sanduku.

Pengine nawe, uliye kambini au kituoni, una mtu anayekungoja: mzazi, mwenzi uliyeachana naye kwa maneno makali, rafiki aliye hospitalini au gerezani. Nawe mama uliyebaki nyumbani na watoto, labda wako yu karibu zaidi, ng'ambo ya ua tu. Soma mistari michache, usome polepole, kisha ujiulize ni nani anayekuita kwa maneno hayo. Usiondoke mpaka umemjibu, japo kwa barua ya mistari mitatu.

Nimeomba ruhusa ya siku saba, nami nimepewa. Sina hakika kama tutapatana na kaka yangu; shamba ni dogo na maneno yaliyokwisha kusemwa ni makubwa. Lakini masika hayajaanza bado. Nimemnunulia mama blanketi, maana huko kwetu mvua ikinyesha baridi ni kali.

Tukijaliwa, tutaonana nikirudi.