Maktaba Isiyowajua Majirani Zake



Wahenga walituachia methali isemayo: mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara huipenda sana. Leo naielekeza kwa wakutubi, kwa wawakilishi wa wadi na kwa wote wanaozisimamia maktaba zetu za umma; na nikimalizana nao, nitaielekeza kwenu ninyi mnaotunga. Mali ninayoisemea ni maneno: mashairi, tenzi, nyimbo za harusi, vitendawili, majina ya pepo za bahari na ya samaki. Daftari lake lilipaswa kuwa maktaba ya umma. Lakini katika miji yetu mingi daftari hilo limejaa habari za watu wa mbali, na za jirani wa ng'ambo ya barabara hazimo.

Dai langu ni hili: maktaba ya umma ina wajibu wa kukusanya yale ambayo jamii inayoizunguka inayatunga na kuyasema, katika lugha na lahaja zake, hata kama hayajapata kuwa kitabu. Maktaba inayokaa kumngoja mchapishaji ayalete imekwisha kuamua kwamba hayatafika.

Nitautolea mfano mji wa Mombasa. Katika matembezi ya nusu saa utasikia Kimvita cha Mji wa Kale, Kiamu na Kibajuni cha waliohamia kutoka visiwa vya kaskazini, Kidigo na Kigiriama cha wenyeji wa kusini na wa kaskazini mwa kisiwa, Kisomali, Kikachi na Kigujarati cha wenye maduka, Kiarabu cha Hadhramaut, na Kikamba na Kijaluo cha waliotoka bara wakafanya mji huu kuwa kwao. Kisha ingia katika chumba cha kusomea cha umma katika mji wowote wa pwani. Utakachokikuta mara nyingi ni vitabu vya kiada, miongozo ya riwaya na tamthilia zinazotahiniwa, na vitabu vya Kiingereza vilivyotolewa msaada baada ya maktaba za ng'ambo kuvichoka. Wanafunzi wamejaa mezani, nami sina neno nao; mwanafunzi ana haki ya kiti na taa. Lakini bibi aliyemsindikiza mjukuu wake hapo hana kitu hata kimoja cha kumfanya akae.

Katika tawi moja, ambalo sitalitaja, niliuliza mashairi ya Kimvita yako wapi. Mkutubi, mama mwungwana mwenye subira, akanipeleka kwenye rafu ya Kiswahili cha kidato cha nne. Nilipomweleza ninachokitafuta, alisema: "Hayo hatuletewi, mwalimu. Sisi twapokea makatoni, twapiga mhuri, twapanga." Hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa ameueleza mfumo mzima kwa maneno machache. Kitabu huchaguliwa mbali, hununuliwa kwa zabuni, hushushwa mlangoni. Na mtu anayewajua wasomaji kwa majina haulizwi kitu. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, wala si katika ile kauli tunayopenda kuirudia kwamba watu wetu hawasomi.

Kauli hiyo nataka niizike leo. Mtu asiyekuta chakula anachokijua mezani asitangazwe kuwa hana njaa. Mjini Garissa, kuanzia mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya iliwapelekea vitabu wafugaji kwa ngamia, na watoto walivisubiri vitabu hivyo jangwani. Mwenye kufikiwa husoma. Swali lililobaki ni nini kimo ndani ya sanduku, na kwa lugha ya nani.

Wengine watasema hili ni jambo la watu wa dunia ya kwanza. La. Shiyali Ramamrita Ranganathan, mkutubi wa Madras nchini India, alichapisha kanuni zake tano za ukutubi mwaka 1931. Mbili kati ya hizo zinatosha hapa: kila msomaji apate kitabu chake, na kila kitabu kipate msomaji wake. Mwaka huo huo wa 1931 maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi, jengo la nguzo nzito lililokusudiwa Wazungu, na Waafrika wakazuiwa mlangoni mpaka ukoloni ulipokuwa ukingoni. Mlango ulipofunguliwa, tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini kumruhusu mtu aingie ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba akishaingia atakutana na sauti inayofanana na yake, na nusu hiyo bado tunadaiwa. Tangu mwaka 2017 shirika la Book Bunk limeshughulikia ukarabati wa maktaba hiyo pamoja na zile za Kaloleni na Makadara, na limethibitisha kwamba jengo kongwe laweza kurudishwa kwa watu wa mtaa. Nawapongeza. Kila kaunti na ijiulize kama kazi hiyo imefika kwenye rafu zake.

Hata namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu zina la kusema. Maktaba zetu nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa desimali uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Katika mfumo huo, fasihi imepewa mia nane. Kiingereza kimepata makumi yake, Kifaransa yake, Kijerumani yake. Kilatini, ambacho leo hakuna mama anayembembelezea mtoto, kina kumi lake kamili kuanzia 870. Fasihi za Kiswahili, Kizulu, Kiyoruba, Kikuyu na Kijaluo zimesongamana katika namba moja, 896, na Kiswahili kikasukumwa baada ya nukta: 896.392. Silaumu tarakimu, Dewey alikuwa akipanga vitabu alivyovijua. Nawalaumu wanaochukulia kwamba baada ya 896.392 hapana haja ya kuuliza tena. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, na diwani iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu kwa ajili ya shule hupewa namba moja, na katika orodha hapatajwi lahaja, wala mji, wala mtungo. Msomaji anayetafuta Kiamu hana njia ya kukipata hata kama kipo. Kitabu kimo ndani, na bado kimepotea.

Na huyo Muyaka tumshukuru nani kwa kumpata? Mashairi yake yaliokolewa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeyajua na kuyakusanya, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Makaratasi yao leo yamehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hazina ya miswada na kanda zilizokusanywa enzi za J. W. T. Allen, na miswada ya Msikiti Riyadha wa Lamu imepigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza. Yote hayo ni kheri. Lakini tazama ni nani waliofanya kazi: mwalimu wa mjini, mgeni, chuo kikuu, msikiti. Maktaba ya umma, iliyojengwa kwa kodi ya muuza samaki, haimo katika orodha hiyo. Watu wawili wenye kalamu walifanya kile ambacho taasisi yenye jengo, mishahara na mhuri haijajaribu.

Sasa niwageukie wenzetu wanaonijibu kwa jina la umoja. Husema: Kiswahili chatosha, ukifungua rafu ya Kigiriama na ya Kidigo umefungua mlango wa ukabila. Hoja hii hutoka kwa wapenzi wa kweli wa Kiswahili, kwa hiyo nitaijibu kwa Kiswahili chenyewe. Neno ikulu tulilipata kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Ngeli, ambayo kila mwalimu wa sarufi huitaja mara kumi kwa siku, tuliipata kwa Wahaya. Runinga tulipewa na Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyeshikilia kwamba kabla ya kukopa ng'ambo tuchote kwanza katika lahaja zetu na katika lugha za ndugu zetu. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alichapisha historia na mila za Wagogo, na pia akatuachia diwani ya Kiswahili ambayo hakuna mwanafunzi wa ushairi awezaye kuipita. Hakuona kwamba kupenda kwao kulimpunguzia Kiswahili. Kiswahili ni mto. Anayetaka kuziba vijito kwa jina la kuulinda mto hajui maji hutoka wapi.

Na tuwe wakweli. Tunalalamika kwamba Kiingereza kimekaa katika kiti chetu. Kisha mzee wa Kibajuni akija na utenzi wake, tunamwambia ausanifishe kwanza ndipo tuusome. Dhuluma tunayoipigia kelele tukiwa chini yake haigeuki kuwa haki tukiwa juu yake.

Sheria haiko upande wa wapingaji. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalitaka taifa kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za watu wake, na kuendeleza lugha za wenyeji, lugha ya ishara na nukta nundu. Jedwali la Nne la katiba hiyo hiyo limezitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Ilani ya maktaba za umma ya UNESCO na IFLA, ile ya 1994 na iliyohuishwa mwaka 2022, inazitaka maktaba zimhudumie kila mtu bila kubagua lugha, na inawataja wazi wenye lugha za wachache. Kilichopungua ni utashi.

Watauliza fedha. Naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

Kwanza, sehemu ya bajeti ya kununulia vitabu iachwe mikononi mwa mkutubi wa tawi. Mshairi aliyejichapishia diwani yake nakala mia mbili hawezi kushindana katika zabuni ya makao makuu. Mkutubi anunue nakala tatu kwake, ampe risiti, aziweke rafuni. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili ilichapishwa mwaka 2004. Haifai ikosekane katika tawi lolote kutoka Likoni hadi Vanga.

Pili, orodha ya maktaba itaje lahaja, mahali na aina ya utungo. Hili ni suala la kuongeza maneno machache katika kila kumbukumbu. Aandikaye "utenzi, Kiamu, Lamu" amemwokolea msomaji siku nzima.

Tatu, kila tawi liwe na kona ya kusikiliza na kurekodi. Ushairi wetu haukuzaliwa kwenye karatasi. Mashairi mengi ya Ustadh Ahmad Nassir yaliwafikia watu kwa sauti ya Juma Bhalo, aliyeaga dunia mwaka 2014, kabla hawajayaona kitabuni. Kaseti za aina hiyo zimo makabatini, na unyevu wa pwani unazila. Kuvu haingoji kikao cha kamati. Simu ya mkononi na mkataba wa ukurasa mmoja, unaomwachia mtunzi hakimiliki yake, vyatosha kuanza.

Nne, jamii ichague. Mara moja kwa kila robo ya mwaka mkutubi akae na wazee wa mtaa, akina mama, vijana, viziwi na wasioona, awaulize wanataka nini na wana nini. Saa za kufungua nazo ziulizwe hapo hapo: maktaba inayofungwa saa kumi na moja jioni imeshawaambia wavuvi, makuli na wauza maduka kwamba si yao.

Nimewaahidi kwamba nitafika kwenu, malenga wenzangu. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka mwaka 1973, ilitungwa gerezani, mahali ambapo karatasi yenyewe ilikuwa kosa. Na bado ikatufikia. Ninyi mna karatasi, mna simu, mna uhuru wa kutembea. Mashairi yenu yako wapi? Yako katika makundi ya simu ambamo mnajibizana usiku kucha, na simu ikiibiwa, yamekwenda. Anayelalamika kwamba maktaba haimjui aseme kwanza ni lini alipanda ngazi zake akiwa na nakala mkononi. Ninaowalaumu kwanza ni wenye mamlaka, kwa sababu wao ndio wenye ufunguo. Lakini anayengoja mlangoni bila kubisha naye ana lake la kujibu.

Kwa hiyo nawaomba jambo mahususi. Kabla ya mwezi huu kwisha, chapeni diwani yenu hata kama ni kurasa ishirini zilizobanwa kwa pini. Andikeni juu yake jina, mji, lahaja na mwaka. Mchukue pamoja nayo daftari la babu au kaseti ya nyanya, mwende nayo kwenye tawi la karibu, mdai stakabadhi yenye mhuri. Wakikataa, waombeni waandike sababu ya kukataa kwao, na barua hiyo ipelekeni kwa mwakilishi wa wadi. Wakikubali, rudini baada ya mwezi mmoja mkaulize imepangwa rafu gani.