Nani Aliyeliamsha Dubwana?

Wako wasomi ambao likitajwa jina la Godzilla hucheka. Kwao filamu hizi, ambazo kati ya mwaka 1954 na 2024 zilipita 35 kwa idadi, ni mchezo wa mtu aliyevaa ngozi ya mpira akikanyaga vijumba vya kuigiza. Wako wengine wasiocheka, hao hununa. Husema kuwa filamu ya kwanza ilikuwa kazi ya sanaa na zote zilizofuata ni makapi. Na liko kundi la tatu, kubwa kuliko haya mawili, lisemalo kuwa dubwana ni la kutazamwa likipigana, na kwamba mtu atafutaye maana ndani yake anatafuta mfupa katika ulimi.

Makundi haya yamebishana kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu yote matatu yamekosea. La kwanza huhukumu filamu kwa ngozi ya dubwana, la pili kwa umri wake, na la tatu kwa vishindo vyake. Hakuna liulizalo swali ambalo watunzi wa kwanza waliliweka mbele ya watu: nani aliyeliamsha dubwana hili?

Swali hilo halikuzuka hewani. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ilipasua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilifika megatoni 15, zaidi ya mara mbili ya ile waliyoikadiria waundaji wake. Chombo cha wavuvi wa Kijapani kiitwacho Daigo Fukuryu Maru kilikuwa nje ya mpaka uliotangazwa kuwa wa hatari. Hata hivyo majivu meupe yalikinyeshea. Wavuvi wote 23 waliugua, na mtu wao wa simu ya upepo, Aikichi Kuboyama, akafa tarehe 23 Septemba mwaka ule ule. Siku 41 baada ya kifo hicho, tarehe 3 Novemba, kampuni ya Toho ilitoa filamu ya Gojira. Mwongozaji wake, Ishiro Honda, alikuwa askari aliyerudi kutoka Uchina akapita Hiroshima na kuyaona magofu yake kwa macho.

Sasa mwenye kucheka na atazame filamu yenyewe. Inaanza na chombo cha baharini kinachoteketezwa na mwanga utokao majini. Ndani ya Tokyo, mji ambao miaka 9 kabla yake ulichomwa kwa mabomu ya moto, mama anawakumbatia wanawe na kuwaambia kwamba karibu watamfuata baba yao. Hospitalini mtoto anapimwa kwa chombo cha kupimia miali, na mpimaji anatikisa kichwa. Katika mambo hayo hakuna la kuchekesha. Ngozi ilikuwa ya mpira, hiyo ni kweli. Lakini tangu lini hadithi ikadharauliwa kwa ajili ya vazi la mwenye kuisimulia? Sisi tuliolelewa kwa ngano za sungura na fisi tungekuwa watu wa mwisho kusema kwamba mnyama asiyekuwako duniani hawezi kusema jambo lililoko duniani.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Hadithi ya Godzilla ni ya kweli pale inapomfunga dubwana kwa mkono wa mwanadamu aliyemwamsha, na huwa ya uongo pale inapoukata ule uzi. Mengine yote, uzuri wa picha, ukubwa wa gharama, hata uzito au wepesi wa mchezo, ni mambo ya pili.

Kwa kipimo hicho tunaona kuwa aliyeitia filamu hii doa la kwanza hakuwa mtengenezaji wa michezo ya watoto. Mwaka 1956 Wamarekani waliitoa upya kwao: wakaipunguza kutoka dakika 96 hadi 80 hivi, wakamtia Raymond Burr acheze mwandishi wa habari wa Kimarekani. Sikusema kuwa walilifuta neno bomu, lilibaki. Lakini alitolewa mwanamke wa garimoshini anayesema kuwa aliponea chupuchupu Nagasaki, na mazungumzo ya samaki wenye sumu yakaenda naye. Ukaondolewa na mwisho wa filamu, ambapo mtaalamu Yamane anaonya kuwa majaribio yakiendelea, Godzilla mwingine atatokea. Mahali pa onyo hilo pakawekwa maneno ya faraja kwamba hatari imekwisha na dunia yaweza kuishi tena. Mkato wa dakika chache tu, na mshtakiwa akatoka mahakamani akipunga mkono.

Nawageukia wenye kununa. Hawa nawaheshimu, maana wanaipenda filamu ya kwanza kama niipendavyo mimi. Lakini upendo wao umewatia uvivu: wametunga hukumu moja ya kuzitupa filamu zote baada ya 1954, nao hawana haja tena ya kuzitazama. Waitazame ile ya 1971, iliyoongozwa na Yoshimitsu Banno. Ndani yake Godzilla huruka angani kinyumenyume kwa kusukumwa na moto wa kinywa chake mwenyewe. Sina nia ya kulitetea jambo hilo. Lakini adui yake, Hedorah, ni dubwana linenepalo kwa kula taka na moshi wa viwanda, na filamu ilitoka wakati watu wa Minamata walikuwa wakiteseka kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Mchezo ni wa kitoto, na shtaka ni la watu wazima. Uzi haukukatwa.

Iko hoja nyingine nzito kuliko hizi, nami nisingekuwa mwaminifu kama ningeificha. Wako wasemao kuwa filamu ya 1954 yenyewe ni ya udanganyifu, kwa kuwa inaionyesha Japani ikiwa mwenye kudhulumiwa tu, kana kwamba majeshi yake hayakupata kuua mtu Uchina, Korea wala Ufilipino. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Kulia msiba wako ni haki. Kusahau msiba uliompelekea jirani si haki. Lakini jibu lake halitoki kwa wapenda filamu ya kwanza. Linatoka katika filamu ya 2001 ya Shusuke Kaneko, ambayo jina lake refu lingemfanya msomi yeyote apite bila kugeuka. Humo Godzilla amejaa roho za waliouawa katika vita vya Pasifiki, zenye hasira kwa sababu Japani imeyasahau mateso yao. Dubwana limerudi nyumbani kudai. Je, hili nalo ni makapi?

Kundi la tatu husema: tuacheni tufurahi. Nani aliyewakataza? Furaha haina ubaya. Ubaya uko katika yale yanayopitishwa chini ya kivuli cha furaha. Mwaka 1998 Wamarekani walitoa Godzilla wao, na mwenye kosa akawa Ufaransa kwa majaribio yake ya Polinesia. Ufaransa ilifanya kweli majaribio hayo. Lakini Bikini haikuwa ya Ufaransa. Nyani haoni kundule. Mwaka 2014 wakaenda mbali zaidi. Katika filamu ya mwaka huo tunaambiwa kuwa mabomu ya Pasifiki hayakuwa majaribio kamwe, bali juhudi za kuliua dubwana. Msomaji na aipime kauli hiyo polepole. Bomu lililokuwa kosa limekuwa kinga. Aliyewasha moto amevikwa kofia ya mzima moto. Wavuvi wale 23 hawana tena mahali katika hadithi iliyozaliwa kwa majivu yaliyowaangukia. Nayo ni filamu nzuri kwa macho, na ndiyo maana uongo wake ulipita bila kelele.

Mfano bora uko pale pale mwanzoni, kwa mtaalamu Serizawa. Yeye amegundua silaha inayoweza kumuua Godzilla, na anajua kwamba wenye nguvu wakiipata wataitumia juu ya watu. Anakubali kuitumia mara moja tu. Anazichoma karatasi zake zote, anashuka baharini, na anakufa pamoja na dubwana ili elimu ile isibaki hata kichwani mwake. Mtu huyu hakuuliza kama silaha yake ni nzuri. Aliuliza ni mkono wa nani utakaoishika, wake ukiwamo.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la watu wa mbali. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ilipasua bomu lake la kwanza la atomiki karibu na Reggane, katika Sahara ya Algeria, yaani katika ardhi ya Afrika. Dubwana gani lilitoka katika mchanga ule, na nani amelitungia hadithi?

Basi mwanafunzi atakayeketi mbele ya filamu ya Godzilla, ya kale au ya jana, asihesabu majumba yanayoanguka. Asikilize kama yuko mtu yeyote ndani ya hadithi anayesema: ni sisi tuliofanya. Akimsikia, ajue kuwa ameitazama kazi inayostahili mjadala wetu, hata ikiwa ngozi ni ya mpira. Asipomsikia, ameonyeshwa fataki.