Magongo ya barafuni: Uwanja ni mmoja tu, lakini safari inaanzia kwenye lami

UKIWA ndani ya matatu ya kuelekea Mlolongo saa tisa alasiri, umekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa na jua linakuchoma dirishani, ni vigumu kuamini kwamba ndani ya hoteli moja kando ya barabara hiyo hiyo kuna barafu, na kuna vijana wa Nairobi wanaofukuzana juu yake wakiwa na magongo mkononi.

Wapo. Wanaitwa Kenya Ice Lions, na wengi wao hawajawahi kuona theluji ikianguka nje ya mlango wao.

Ukumbi wenyewe uko kwa hoteli ya Panari na ulifunguliwa 2005. Kwa wengi ulikuwa mahali pa kupeleka watoto wikendi, wateleze kidogo, waanguke, wacheke, warudi nyumbani. Mambo yalibadilika pale vijana waliokuwa tayari wakijua kuteleza kwa viatu vya magurudumu walipokutana na wageni, hasa Wakanada, waliokuwa wakiishi Nairobi na kuukosa mchezo wa kwao. Kufikia 2016 timu ilikuwa imeundwa.

Shida yao kubwa wakati huo ilikuwa moja: hawakuwa na mpinzani. Walijigawa wakachezana wenyewe kwa wenyewe. Ndiposa 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwaalika Canada kucheza mechi ya kweli, na wakashangaa kuona Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakiingia kucheza upande wao. Kama huwajui hao wawili, chukulia Messi na Mbappé wamefika Kayole na kuomba jezi za timu ya mtaa wenu.

Septemba 2024 ikaja habari nzito zaidi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IIHF, liliipokea Kenya kama mwanachama mshiriki. Kutoka Afrika, Afrika Kusini, Morocco, Algeria na Tunisia walikuwa wametutangulia.

Kwa hivyo tuache kuuliza kama Mkenya anaweza. Philip Boit alishatujibu 1998 alipoteleza kwa ski katika Olimpiki za Majira ya Baridi kule Nagano, na Sabrina Simader akatujibu tena 2018 kule Pyeongchang. Swali la leo ni lingine: ni kijana gani wa Nairobi anayeweza kuufikia mchezo huu, na kwa njia gani?

Tatizo si joto

Watu hudhani kikwazo ni hali ya hewa. La. Uwanja wa barafu wa ndani ni kama friji kubwa iliyolazwa sakafuni. Mabomba hupitishwa chini, ndani yake mna majimaji yasiyoganda yaliyopozwa hadi chini ya nyuzi sifuri, kisha maji humwagwa juu tabaka kwa tabaka hadi yatengeneze barafu ya unene wa sentimita chache. Dubai iko jangwani na ina uwanja kamili ndani ya duka kubwa.

Tatizo ni kwamba friji hiyo haizimwi, na sote tunajua bei ya stima. Mwenye uwanja lazima apate wateja wanaolipa, na gharama hiyo hatimaye inamfikia kijana ambaye bado anahesabu nauli ya kwenda na kurudi.

Kisha kuna ukubwa. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 60 na upana wa mita 26 hadi 30. Wa Panari ni mdogo mno ukilinganisha, kwa hivyo vikosi hupunguzwa ili watu wasigongane. Mchezaji anayezoea nafasi hiyo akienda ng'ambo anakuta uwanja usioisha. Mapafu yanalalamika kabla ya miguu.

Lakini hatari kubwa ni kutegemea mlango mmoja. Machi 2020 korona ilipoingia na maeneo ya burudani kufungwa, mwanasoka aliweza kukimbia mtaani na kupiga mpira ukutani. Mchezaji wa barafuni alifanya nini? Bendera ya nchi iko kwenye jezi, ilhali mchezo wote unasimama juu ya uamuzi wa biashara moja. Hilo si kosa la hoteli. Hoteli ndiyo iliyofanya kile ambacho hakuna mwingine aliyekifanya.

Kuna atakayesema hizi ni ndoto za wenye pesa, na kwamba serikali haiwezi kugandisha maji huku shule nyingi zikiwa hazina hata kiwanja tambarare cha kandanda. Ana hoja, na sidhani kuna waziri atakayejenga uwanja wa barafu kesho. Lakini wachezaji wa kwanza wa Ice Lions hawakutoka kwenye barafu. Walitoka kwenye lami. Sakafu laini ya saruji, iliyozungushiwa ukuta mfupi na kuwekwa taa, inatosha kufundisha kuteleza na kupiga gongo. Hiyo kaunti inaiweza. Haihitaji stima mchana kutwa, na mvua ikinyesha inafagiwa tu.

Unaanzia wapi?

Anza na magurudumu. Vijana wengi jijini wamejifunzia Sunken Car Park, pale katikati ya jiji, siku za Jumapili magari yakiwa machache. Tafuta viatu vyenye magurudumu yaliyopangwa kwa mstari mmoja, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokaribia kabisa vile vya barafuni. Usikimbilie kununua. Kodi au azima kwanza, ujue kama mchezo umekuingia.

Jifunze kuanguka kabla ya kujifunza kukimbia. Kunja magoti, shusha mwili, angukia ubavu badala ya kuegemea kiganja, maana viganja ndivyo huvunja watu mikono. Barafuni, ukishaanguka kunja vidole ngumi, kwani chuma cha mwenzako kinakata.

Siku ya kwanza barafuni, piga simu kabla hujatoka nyumbani, uulize saa na bei. Viatu hukodishwa hapo hapo. Vaa suruali ndefu, soksi ndefu nyembamba na glavu. Kaza kamba vizuri kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu kiatu kikilegea mguu unapinda. Utagundua kwamba hakuna breki ya kisiginoni: unasimama kwa kugeuza miguu upande na kuikwaruza barafu. Hilo litakuchukua wiki kadhaa, usikate tamaa.

Gongo lisikuzidi. Ukiwa umevaa viatu vya kuteleza, ncha yake ya juu ifike kidevuni. Kule chini hupinda kushoto au kulia, kwa hivyo jaribu upande unaokufaa kwanza. Nyumbani unaweza kufanya mazoezi ya mikono kwa mpira wa tenisi kwenye sakafu ya saruji. Kinachochezwa barafuni si mpira bali kisahani cha raba ngumu chenye uzito wa karibu gramu 170, na kikikupata kwenye mfupa utakikumbuka. Usicheze mechi bila helmeti, glavu na kinga za miguu.

Sheria si ngumu. Kila upande huwa na wachezaji sita, kipa akiwemo, na kuna vipindi vitatu vya dakika 20. Kasi ni ya ajabu, ndiyo maana wachezaji hubadilishwa kila mara, mara nyingi kabla ya dakika moja kuisha. Na usivuke mstari wa buluu wa mpinzani kabla ya kisahani kuvuka, utakuwa umeotea.

Mwisho, usijifungie peke yako. Watafute Ice Lions mitandaoni, uulize siku za mazoezi, nenda hata kama ni kutazama. Wasichana pia msijirudishe nyuma, kwani pale huwa wanacheza pamoja na wavulana.

Uanachama wa IIHF tumeshaupata. Lakini cheti hakichezi mechi. Wanaocheza ni vijana, na wasipoongezeka, wale waliotuwakilisha Canada watastaafu bila wa kuwapokea magongo. Mwakilishi wa wadi yako atakapopita kuomba kura, mwulize kuhusu ile sakafu ya saruji. Kabla hajajibu, Jumapili hii sehemu ya kuegesha magari itakuwa wazi.